Maswali Yenu: Kolesteroli Ikishaingia Ndani ya Seli, Nani Anaibeba?

SWALI: Shikamoo dokta. Kila siku mnatuambia LDL na HDL, sijui kolesteroli mbaya sijui nzuri, lakini hizo zote ni habari za kwenye damu. Mimi nauliza, ikishaingia ndani ya seli inakuwaje? Maana nijuavyo seli imejaa maji, na mafuta na maji hayapatani. Inaelea tu humo au?

JIBU: Marahaba. Umenishika pabaya kidogo, maana kweli wengi wetu tunaishia kwenye damu kwa sababu ndo inayopimwa.

Haielei. Kolesteroli ikiachwa peke yake kwenye maji ya seli itatafuta wenzake wajikunyate pamoja, au itajichomeka kwenye utando wowote ulio karibu. Kwa hiyo kila inapohama lazima ibebwe, ama na vifuko vidogo vinavyomeguka kwenye utando mmoja vikaenda kuungana na mwingine, ama na protini zenye shimo katikati, yaani kwa ndani lile shimo linapenda mafuta na kwa nje protini yenyewe inapenda maji, sasa kolesteroli ikikaa humo ni kama imevaa koti la mvua.

Tuifuate toka mlangoni. LDL, yaani chembe inayobeba kolesteroli kwenye damu, inadakwa na kipokezi kilichopo juu ya seli (waliokigundua, Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani, walipata Nobel mwaka 1985), halafu inamezwa nzima nzima na kupelekwa kwenye lisosomu, kile kifuko chenye asidi na vimeng'enya vya kukatakata vitu. Huko kolesteroli inafunguliwa, kwa sababu nyingi huwa inakuja imefungwa na asidi ya mafuta. Sasa iko huru lakini imekwama ndani ya kifuko, itokeje?

Hapa ndo patamu. Kuna protini ndogo inaitwa NPC2, inaogelea humo ndani ya lisosomu. Inaidaka kolesteroli kwa kuingiza mkia wake shimoni, kichwa kinabaki nje, nacho ndo kale kasehemu kadogo pekee kanakopenda maji. Ukutani mwa lisosomu amesimama mwenzake, NPC1, na yeye shimo lake linapokea kichwa kwanza. Umeona walivyopangwa? Wa kwanza kashika mkia, wa pili anapokea kichwa, kolesteroli inateleza toka shimo moja hadi jingine bila kugeuzwa na bila kulowa. Ni kupokezana kijiti, ila kijiti chenyewe hakitakiwi kuguswa na maji hata sekunde moja.

Mmoja wa hao wawili akiharibika unapata ugonjwa wa Niemann-Pick aina C, ni nadra sana na ni wa kurithi, na karibu asilimia 95 ya wagonjwa tatizo lipo kwenye jeni ya NPC1. Kolesteroli inarundikana kwenye lisosomu, ini na wengu vinaweza kuvimba, ubongo unaharibika polepole, na dalili moja ambayo madaktari wanaitafuta sana ni macho kushindwa kwenda juu na chini vizuri. Na usishangae, kolesteroli ya kwenye damu inaweza kusoma kawaida kabisa! Halafu seli yenyewe inalia njaa, kwa sababu kihisi cha kolesteroli hakipo lisosomu, kipo kwenye utando mwingine unaoitwa retikulamu, na huko haijafika kitu. Basi seli inaendelea kutengeneza nyingine na kuvuta LDL zaidi huku ghala limefurika.

SWALI: Dokta, kwa hiyo mtu akipunguza mafuta kwenye chakula hizo protini za kubeba zinapumzika?

JIBU: Hahaha, hapana. Seli zinajitengenezea kolesteroli zenyewe, na zinaitengenezea hukohuko kwenye retikulamu. Ajabu ni kwamba kwenye retikulamu kolesteroli ni kama asilimia 5 tu ya mafuta ya utando, wakati kwenye utando wa nje wa seli inafika asilimia 30 hadi 40. Yaani inatoka kuliko na kidogo inaenda kuliko na nyingi, ni kama kusukuma maji kupanda mlima, lazima mtu alipe.

Protini moja inayolipiwa hivyo inaitwa OSBP. Inafanya kazi pale retikulamu inapokaribiana na Golgi (tando za seli zinazopanga na kusambaza bidhaa zake), pengo la nanomita 10 hadi 30 hivi (kwenye milimita 1 yanaenea mapengo kama hayo zaidi ya 30,000). Inabeba kolesteroli kwenda Golgi, ikirudi hairudi mikono mitupu, inarudi na fati nyingine inaitwa PI4P, ambayo ikifika retikulamu inavunjwa papo hapo. Kwa kuwa kila mara inavunjwa haiwezi kujaa huko, na Golgi inatumia nishati kutengeneza nyingine, basi safari haziishi. Ndo malipo yenyewe hayo.

SWALI: Eti ni kweli Ebola nayo inatumia hizi protini?

JIBU: Kweli, NPC1 hiyohiyo. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba kirusi kikishamezwa na seli kinaishika NPC1 ili kitoboe kiingie ndani. Ila kolesteroli yenyewe siyo inayotafutwa, kirusi kimejipatia tu mlango uliokuwepo.

SWALI: Na homoni? Nilisikia zinatokana na kolesteroli.

JIBU: Siyo zote, ni zile za steroidi kama kotisoli, testosteroni na estrojeni. Kazi inaanzia kwenye utando wa ndani wa mitokondria (vile vinu vya nishati vya seli), ambao hauna kolesteroli ya kutosha, kwa hiyo protini inaitwa StAR inaivusha toka utando wa nje. Mtoto akizaliwa na StAR mbovu, tezi za juu ya figo zinajaa mafuta huku homoni hazitoki, na asipopewa homoni mbadala mapema anaweza kufa. Kolesteroli ipo tele, hatua chache tu pembeni.