Re: Kitabu gani nibebe Dar hadi Houston?

Mkuu umesema unapitia Doha na hutaki kitabu cha kukulaza, basi mi nakwambia beba Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Yasmin anaozeshwa kwa mzee Raza akiwa bado binti mdogo kabisa, anatoroka, halafu anakuja kukutana na Denge anayesakwa na wakoloni, yaani Zanzibar ile ya kabla ya uhuru unaiona kabisa na ukianza huachi. Hiyo iweke kwa kipande cha Doha-Houston maana ni kama masaa 16 hivi na hapo ndo watu wanachoka.

Kipande cha kwanza kifupi, chukua hadithi za Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabu vya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale ni upelelezi mtupu na ni nyembamba.

Ila kitu kimoja tafadhali, soma kurasa kumi za mwanzo ukiwa bado nyumbani, kama hazijakushika badilisha, kule juu hakuna duka la vitabu. Na ukisomea kwenye simu daunlodi kabla hujaondoka, usitegemee waifai ya ndege. Mi napenda cha karatasi, hakiishi chaji.