Re: Misheni ya wiki moja, vijana watajifunza huruma kweli?

Shalom mpendwa. Umeuliza kama wiki moja ya misheni kwa maskini itawafundisha vijana wa kwaya huruma, au ni matembezi tu.

Inategemea mtawapa kazi gani. Tazama Nirmal Hriday kule Kolkata, India, nyumba aliyoifungua Mama Teresa mwaka 1952 kwa ajili ya watu wanaokaribia kufa bila wa kuwauguza. Wanaokuja kujitolea kwa muda mfupi hupewa kazi za kawaida kabisa: kufua, kuosha vyombo, kulisha wagonjwa. Hakuna kipaza sauti. Ukimlisha mtu dhaifu uji kijiko kwa kijiko, unalazimika kufuata mwendo wake yeye, si ratiba yako. (Zile picha za kukabidhi mchele mbele ya bango mimi siziwezi, mnisamehe.)

Msome pia Luka 10. Msamaria alimfunga majeraha mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, akamlaza kwenye nyumba ya wageni, kisha akaendelea na safari. Ila alimwachia mwenye nyumba dinari mbili na kuahidi kulipa gharama itakayozidi. Kwa hiyo kabla hamjafunga mizigo, waulizeni wazee wa kanisa la huko ni nani atakayebaki kuwahudumia wagonjwa mkishaondoka, na mchango wenu umfikie huyo.