Unataka kuwa MCA 2027? Anza na kitabu cha bajeti

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, lakini huku kwetu Pwani mabango yashapigiliwa misumari kwenye minazi. Kila nikienda sokoni kuna kijana ananivuta kando, au dada fulani kiongozi wa chama cha akina mama, na swali ni lilelile: nisimame au nisisimame? Wananijia kwa sababu niliendesha ofisi ya wadi chini ya waheshimiwa wawili waliofuatana, wa vyama tofauti, na kazi ya MCA, yaani mwakilishi wadi katika bunge la kaunti, nimeiona akiwa hana maikrofoni mkononi. Mimi huwauliza: umewahi kukishika kitabu cha bajeti cha kaunti yako? Wengi hawajakitia machoni. Walichokiona ni gari kubwa na mheshimiwa akipishwa kiti cha mbele matangani.

Kwanza ujue utakachokikuta asubuhi. Ofisi haijafunguliwa, benchi la nje lishajaa. Mama ameshika karatasi ya karo ya mwanawe wa sekondari, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imechanika mikunjoni. Mzee anataka gari la kumpeleka mgonjwa hospitali kuu. Vijana wa boda wanadai kibanda cha kujikinga jua. Kamati ya maziko inasubiri mchango. Na yuko mmoja ambaye hana shida yoyote, amekuja kukuona tu. Huyo muogope kuliko wote, maana akiambiwa mheshimiwa hayupo, kijiji kizima kitakuwa na habari kabla ya adhuhuri kwamba siku hizi hushikiki.

Karibu yote hayo Katiba haikumkabidhi mwakilishi wadi. Ibara ya 185 inalipa bunge la kaunti kazi ya kutunga sheria za kaunti, kuisimamia serikali ya gavana na kupitisha mipango ya maendeleo. Karo na madarasa ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, yako kwa mbunge. Shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu. Za kaunti ni chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Hata basari za kaunti, ambazo MCA wengi ndizo wanazojivunia, zina utata: mapema 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti ziwe na makubaliano na serikali kuu kabla ya kuzitoa, na jambo hilo likaishia mahakamani.

Waambie watu hivyo tangu kampeni. Mkubwa wangu wa kwanza hakutaka kusema. Kila aliyeomba aliitikiwa, mpaka darasa la sekondari aliliahidi, na muhula ulipoisha ahadi zikawa nyingi kuliko wapiga kura wake. Wa pili aliandika kwa kalamu nene kwenye kadi kubwa, akaibandika ukutani nyuma ya meza yangu: mambo ya kaunti, mambo ya mbunge, mambo ya serikali kuu. Watu walinung'unika mwanzoni, wakasema huyu ana maringo. Baadaye nikaanza kuwasikia wenyewe kwenye benchi wakielekezana: "La karo hilo si la hapa, nenda kwa mbunge." Kazi yangu ilipungua, na yeye akapata muda wa kusoma.

Na kusoma ndiko kwenyewe. Mwaka wa fedha wa kaunti una kalenda ya kisheria, na asiyeijua ataitwa mheshimiwa miaka mitano bila kuwa na usemi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha hufika kufikia Februari 28, na humo ndimo hupangwa kila idara itapata kiasi gani. Makadirio ya bajeti hufika kufikia Aprili 30, na sheria ya matumizi inatakiwa iwe tayari kufikia Juni 30. MCA wengi huamka Mei, wakapiga kelele kwamba barabara yao haimo. Wamechelewa. Ukitaka barabara ya changarawe Julai, uwe umeanza kuisemea Agosti ya mwaka uliotangulia, na watu wako wawe wameitaja kwa jina kwenye vikao vya ushirikishaji wa umma. Wapakie kwenye matatu uwapeleke. Nauli hiyo ina faida kuliko fulana zote utakazochapisha.

Kitabu chenyewe kinachosha. Ni kurasa na kurasa za namba za mafungu, maandishi madogo. Mheshimiwa wangu wa pili alikuwa akikisoma usiku kwa rula na penseli, anashusha rula mstari mmoja mmoja, kila penye wadi yetu anatia alama. Aliniambia jambo ambalo ningependa kila mgombea alijue: usifurahie mradi usio na jina la mahali. Ukiona "ukarabati wa zahanati, wadi mbalimbali", hakuna zahanati yako humo. Pesa hizo ataamua afisa wa idara zikalale wapi, na huenda zikalala alikozaliwa yeye. Dai kijiji kiandikwe, na kiasi kiandikwe.

Ukishaandikiwa bado usilale. Kuna bajeti ya nyongeza, ile inayokuja katikati ya mwaka wakati kila mtu amechoka. Kisima chetu kilikuwemo kitabuni Juni. Ilipoletwa ya nyongeza hakikuwemo, na fungu la usafiri la idara hiyohiyo lilikuwa limenenepa. Hakuna aliyetangaza, ni ile rula iliyokifumania. Kilirudishwa kwenye kamati, kabla ripoti haijafika ukumbini. Ukisubiri ripoti isomwe ndipo usimame, utapata picha nzuri ya Facebook na kisima hutakiona.

Halafu kuna pesa zenyewe. Mgao wa kaunti kutoka Hazina ya Kitaifa huchelewa, na pesa hazitoki bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Mwanakandarasi akikaa sana bila kulipwa huondoa trekta lake akaenda, na barabara inabaki nusu. Lawama ni zako. Kwa hiyo zisome ripoti za Msimamizi wa Bajeti, hutolewa kwa umma na zinaonyesha kaunti yako imetumia ngapi kwa maendeleo na ngapi kwa safari na posho. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Ukienda baraza na ukurasa huo mkononi, swali la barabara litahamia kwa mwenye kulijibu.

Ndani ya bunge, ushauri wangu ni mfupi: zijue kanuni za kudumu kuliko karani. Hoja ikipita ni ombi, mswada ukipita ni sheria. Wengi hupiga hoja miaka mitano wakadhani wametunga kitu. Usikose vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya spika, Katiba inasema kiti kitakuwa wazi. Na kama una ndoto ya kupanda, mtazame Abdi Guyo. Alikuwa MCA Nairobi, akawa kiongozi wa walio wengi, na 2022 akachaguliwa gavana wa Isiolo. Juni 2025 wawakilishi wadi wa Isiolo wakatangaza kwamba wamemtimua. Kesi ilipofika Seneti ilianguka Julai, na kilichoiangusha ni swali la kama kikao cha kumtimua kilifanyika kweli. Shutuma zenyewe hazikusikilizwa. Fikiria hilo wewe unayesema kanuni ni za mawakili.

Kumng'oa gavana ndiyo silaha kubwa ya bunge la kaunti. Thuluthi mbili ya wajumbe wote wakikubaliana, jina linakwenda Seneti. Martin Wambora wa Embu alikuwa wa kwanza, 2014, na mahakama ikamrudisha. Waititu wa Kiambu na Sonko wa Nairobi waliondoka 2020. Lakini mara nyingi saini hukusanywa ili gavana aitwe mezani, watu wapewe chao, na mambo yapoe. Ukiweka saini kwa ajili ya bahasha, gavana atakujua bei, na miaka iliyobaki hutamwuliza swali akatetemeka. Kabla ya kusaini, omba ushahidi usome mwenyewe. Pesa za haraka zina desturi ya kukumbukwa. Februari 2021 mabunge ya kaunti zaidi ya 40 yalipitisha mswada wa BBI, ule wa kubadilisha Katiba, kwa kasi, kipindi kilekile ambacho MCA waliidhinishiwa ruzuku ya magari ya shilingi milioni 2. Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaizima BBI. Huku kwetu watu waliendelea kuyaita yale magari kwa jina la mswada.

Kuhusu mshahara sina mengi. SRC, tume ya mishahara, iliuweka shilingi 144,375 kwa mwezi mwaka 2017, na umepanda kidogo tangu hapo. Toa mkopo wa nyumba na wa gari, kisha toa lile benchi la asubuhi. Mwenye biashara aiache iendelee, chini ya mtu anayemwamini, na asiiuze kugharamia kampeni.

Akina dada, mimi nawaambia muwanie wadi. Mwaka 2022 wanawake waliochaguliwa moja kwa moja walikuwa 115 kati ya wadi 1,450. Viti maalumu vipo, na nimewaona wateule waliofanya kazi nzuri kwenye kamati, lakini mteule hana wadi wala benchi la asubuhi, na orodha huandikwa na chama. Miaka mitano baadaye chama hichohicho kinaweza kuandika jina jingine, bila kukuuliza. Ada ya tume ya uchaguzi, IEBC, 2022 ilikuwa shilingi 5,000 kwa kiti cha MCA, nusu yake kwa wanawake, vijana na walemavu, kwa hiyo si ada inayowazuia. Kinachozuia ni mchujo wa chama, na mchujo huanza na wale wazee watano sita wanaoamua mambo chini ya mwembe.

Ukiona mchujo umepikwa, njia ya mgombea huru ipo, ila haingoji hasira yako. Lazima usiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi, na uungwe mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo ambao nao hawana chama. Hao 500 anza kuwaandika sasa, kwa jina na namba ya kitambulisho, na hakikisha hawajasajiliwa chamani bila wao kujua, maana hilo linatokea sana. Na yule mwalimu aliyenipigia juzi: wewe ni mtumishi wa umma, sheria inakutaka ujiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi. Hesabu kurudi nyuma kutoka Agosti 10, utaangukia Februari, wiki zilezile waraka wa mkakati wa fedha unapofikishwa bungeni. Chukua nakala yako.