Mtoto akila bangi, mwambie daktari ukweli mapema

Nawaambia akina mama wa hapa Busia kila ninapopata nafasi: mtoto akilegea ghafla, na unajua nyumbani kuna anayetumia njaga, yaani bangi, usisubiri jioni na usifiche. Mkimbize kituo cha afya na useme. Nimekuwa mhudumu wa afya wa kijiji muda mrefu, na hofu ya polisi nimeiona ikichelewesha wagonjwa kuliko ubovu wa barabara.

Shida ni kwamba kwetu mtoto akisinzia kupita kiasi au akipata degedege, wote tunawaza malaria. Mara nyingi ni malaria kweli. Basi daktari atapima malaria, atapima sukari, atawaza homa ya uti wa mgongo, na muda unakwenda. Neno moja la mzazi lingempunguzia kubahatisha.

Kuna binti mmoja, mpangaji wa jirani, alinijia mbio na mtoto wa miaka mitatu begani. Shingo ilikuwa haikazi. Macho mekundu, moyo unakwenda mbio, ukimwita anafumbua macho kidogo kisha anayafumba. Mwili hauna joto hata kidogo. Nikauliza amekula nini.

"Chai na keki tu, mama."

Keki ya nani? Akanyamaza. Baadaye akasema keki aliileta shemeji yake, ilikuwa imefungwa kwenye gazeti, imewekwa kabatini pamoja na vikombe. "Lakini mama, nikisema si watamfunga?"

"Mwanangu, shemeji yako ni mtu mzima, atajisemea. Huyu hawezi."

Tukapanda boda, na kipande kilichobaki tukakitia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, twende nacho. Nesi aliambiwa mlangoni. Wakamlaza ubavu, wakamwekea oksijeni na dripu, wakakesha wakiangalia anavyopumua. Kesho yake mchana alitembea, ingawa kwa kuyumba.

Bangi ya kuliwa ina hatari yake. Ukivuta, unaihisi baada ya dakika chache. Ukila, inapitia tumboni hadi kwenye ini, na huko hugeuzwa kuwa kitu chenye nguvu zaidi. Huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hadi saa mbili, wakati mwingine zaidi, na inaweza kukaa mwilini kutwa nzima. Ndiyo maana mtu mzima hula kipande, akaona kimya, akaongeza kingine. Mtoto yeye anaona utamu tu, anamaliza yote, na mwili wake ni mdogo. Kwa hiyo mtoto anayecheza vizuri saa moja baada ya kula bado hajapona. Hakuna dawa ya kuifuta bangi mwilini. Hospitali humsaidia kupumua na kuzuia degedege mpaka iishe yenyewe.

Tafadhali msimtapishe. Msimpe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Mtoto aliyelegea akitapika, matapishi huingia mapafuni. Mlaze ubavu mnapotafuta usafiri. Vivyo hivyo akinywa mafuta ya taa, hayo tunayoyaweka kwenye chupa za soda chini ya meza! Zitoeni hizo chupa leo. Ukifika kwa nesi, taja saa aliyokula na kiasi unachokadiria.

Bangi ni kosa kisheria Uganda, na nyumba salama ni ile isiyo nayo. Lakini najua kuna nyumba zenye kaka asiyesikia, na wapo wanaoichanganya kwenye maji wanayowapa kuku wakisema ni dawa. Ikiwa ndivyo, isiingie ndani kabisa ikiwa keki au chai, kwa sababu mtoto hawezi kuitofautisha na chakula chake. Kilichopo kiwe kwenye sanduku lenye kufuli. Chini ya godoro ni mahali pa kwanza mtoto anapopekua. Vipisi viokotwe, watoto huvila. Na mkoba wa mgeni utundikwe juu. Kuvuta ndani ya chumba kimoja mnacholala wote ni kumvutisha mtoto pia.

Mjamzito asidanganywe kwamba itamtuliza kichefuchefu. Inamfikia mtoto tumboni, inaingia hata kwenye maziwa, na inahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kwa vijana nina uchungu zaidi. Ubongo huendelea kukua hadi karibu miaka 25, na anayeanza mapema na kuvuta kila siku yuko katika hatari kubwa zaidi ya kusikia sauti zisizokuwepo na kudhani watu wanamfuata. Huyo msimfunge kamba, wala msimzungushe kwa waganga mwaka mzima. Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili kule Kampala, kuna kitengo cha walevi na watumiaji wa dawa za kulevya, na hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbale, zina huduma ya afya ya akili. Aende na ndugu anayemwamini, na huyo ndugu aeleze bila kupunguza: alianza lini, anavuta kiasi gani, na anachanganya na nini.