Maswali ya Wasomaji: Tembo Aliyedidimia

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kitabu kipya cha historia nilichonunua hapa Dodoma kinasema jina la mji limetokana na tembo aliyedidimia kwenye tope. Je, niamini?

JIBU: Ndugu msomaji, hayo ni masimulizi ya Wagogo, ambao neno lao "idodomya" huelezwa kuwa na maana ya pamedidimia, na mwandishi makini huyaandika kama masimulizi, si kwa uhakika ule ule wa reli kufika hapa 1910 au uamuzi wa 1973 wa kuhamishia hapa makao makuu ya nchi. Vitabu hivi vyepesi kusomeka huteleza hapo hapo. Fungua sura ya Kongwa, wilaya ya mkoa huu wa Dodoma: ikitaja mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947 pasipo udongo mgumu na ukame ulioukwamisha, basi mwandishi hakukanyaga shambani.