Kabla hujalipa kodi, pima mlango wa choo

Jumapili dada mmoja wa Mwanza aliniandikia. Kaka yake ameumia uti wa mgongo, anakaribia kuruhusiwa hospitali, na chumba alichopanga kiko ghorofani. Anauliza waanzie wapi. Ujumbe ule nimeusoma mara tatu, maana mwaka 2018 mke wangu aliuliza swali hilohilo akakosa wa kumjibu.

Nilikuwa fundi ujenzi. Nilidondoka kutoka kwenye jukwaa la mirunda huko Kinyerezi, na tangu siku hiyo miguu haina kazi. Ya hospitali nayaacha. Siku ya kurudi nyumbani Kimara, vijana wanne walinishusha na kiti changu cha magurudumu ngazi kumi na moja. Sebuleni kiti kilipita, chumbani kikapita, chooni kikagoma. Kiti kina upana wa sentimita 65, mlango ulikuwa na 60. Kwa miezi saba nimeogeshwa kwenye beseni sebuleni, watoto wametolewa nje. Na milango ya namna ile nimeijenga mingi kwa mikono yangu, kwa sababu ni nafuu na hakuna mgeni anayesifia choo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tukaanza kutafuta. Tulionyeshwa vyumba tisa, kila safari na hela ya dalali, na kumbe dalali akisema hakuna ngazi, zile mbili za barazani hazihesabu. Tabata tulishakubaliana kwa simu kodi ya miezi sita. Mwenye nyumba aliponiona getini akasema chumba kimechukuliwa. Mke wangu alimsikia akimnong'oneza dalali kwamba mgonjwa atamkimbizia wapangaji. Mimi si mgonjwa. Nimekuwa nikilipa kodi tangu nina miaka kumi na tisa, na sijawahi kudaiwa.

Kwa hiyo dada yangu, msimfiche kaka yako. Kitajeni kiti kwenye simu ya kwanza, anayekataa akatae kabla hamjapoteza nauli. Mkienda, bebeni futi ya fundi, mpime mlango wa choo kwanza, mengine baadaye. Sentimita 80 zinapitika, 90 ni raha. Ndani, kiti kinahitaji kama mita moja na nusu ili kigeuke. Choo kiwe cha kukaa, na ukutani pawe na mahali pa kufunga vyuma vya kushikia. Msiseme atajikokota tu. Mimi nilijikokota sakafuni, ngozi isiyo na hisia ikachunika bila mimi kujua, na kidonda cha makalioni kikanirudisha wodini miezi miwili.

Ngazi moja au mbili nje zinatibika. Kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za urefu, hivyo baraza la sentimita 30 linataka njia ya mserereko ya mita 3.6. Pimeni kama uwanja unatosha. Choo hakiongezeki kirahisi hivyo, ndiyo maana narudia: pimeni choo.

Sasa naishi Sinza, kwenye tambarare. Mama mwenye nyumba alikubali tuvunje na kupanua mlango wa choo, gharama zikakatwa kwenye kodi. Nilikaa kwenye kiti nikamwelekeza kijana wangu kila tofali, na ule mlango wa sentimita 90 ndiyo kazi ninayojivunia kuliko nyumba zote nilizojenga nikiwa nasimama.

Mafundi wenzangu, nawaomba mnisikilize. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na ibara ya 19 inampa mtu kama mimi haki ya kuchagua pa kuishi. Tunayo na sheria yetu wenyewe ya watu wenye ulemavu, ya mwaka 2010. Ramani ikija na mlango wa choo wa sentimita 60, mwambieni tajiri auongeze kabla hamjapanga kozi ya kwanza ya tofali. Jukwaa mnalosimama juu yake ni la mirunda ileile.

Dada, nitumie vipimo vya kila choo mtakachoonyeshwa. Nitakujibu siku hiyohiyo, kabla hamjalipa.