Jibu: Kwa nini jeni tawala haiimalizi jeni fiche

Ndugu, umeuliza kwa nini jeni tawala (ambayo sifa yake huonekana hata ikiwa moja tu) isienee hadi ile fiche (ambayo sifa yake huonekana zikiwa mbili tu) ipotee kabisa. Swali hilohilo mwanajenetiki Reginald Punnett alimpelekea rafiki yake G. H. Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, naye akalijibu mwaka 1908 kwa barua fupi katika jarida la Science. Daktari Mjerumani Wilhelm Weinberg alifikia jibu hilo mwaka huohuo.

Kutawala kunahusu kinachoonekana mwilini tu. Hakuiongezei jeni nafasi ya kurithishwa. Tuseme jeni fiche ni 10% ya jeni zote katika jamii kubwa. Watu wakioana bila kujali sifa hiyo, wenye fiche mbili watakuwa 1%, wabebaji (wenye fiche moja tu) 18%, waliobaki 81%. Hesabu upya jeni fiche: ile 1% nzima, ongeza nusu ya 18%, unapata 10% ileile. Uteuzi na uhamiaji ndio huivuruga hesabu hii, na kwa sikoseli (ugonjwa wa damu unaompata mwenye jeni fiche mbili) malaria imefanya hivyo hasa, maana wabebaji huihimili zaidi.

Sasa lile fumbo lako: wazazi wote wawili ni AS, yaani wabebaji wa sikoseli (A ni jeni ya kawaida, S ni ya sikoseli), mtoto wao si mgonjwa, je, ni mbebaji? Wengi hujibu nusu kwa nusu. Ni theluthi mbili! Njia ni nne zenye uzito sawa: AA, AS, SA, SS. Ya mwisho umeshaiondoa, na kati ya tatu zilizobaki mbili ni za mbebaji.

Na tafadhali, usimwamini anayesema wakishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Kila mimba ina robo yake ileile ya kupata mgonjwa.